Siku Nilipomfikisha Baba Guangzhou

Aibu hii nimeibeba muda mrefu, na wadogo zangu wameshaisimulia vibaya mara nyingi mno (Rajabu akiisimulia yeye, mimi huishia kuanguka, na sikuanguka, jamani, ningeanguka ingekuwa afadhali), kwa hiyo leo acheni niieleze kwa mdomo wangu, nionekane mjinga kwa kiasi ninachostahili, kisizidi.

Kwanza mjue nilikuwa natafuta nini. Baba na mama walifariki nikiwa darasa la sita, wakafuatana, na mimi ndiye mkubwa, basi shule nikaiacha, nikaanza kuuza mitumba Tanga huku Rajabu kanishika gauni na Zuwena yuko mgongoni. Nilipopata nguvu nikahamia Kariakoo, na kutoka Kariakoo ndiko nilikoanzia safari za Guangzhou, miaka ile ya tisini mwishoni, tulipokuwa Watanzania wachache kule kiasi kwamba mtu akisema tu "loh" barabarani unageuka kumtafuta. Haya. Zuwena akachumbiwa. Kijana mzuri, sina neno naye. Lakini mama yake, Bi Salma, alipokuja kupanga mambo ya harusi alikizungushia macho chumba chetu, kisha akasema kwa ile sauti yake laini inayokata:

"Sisi hatuna makuu, mwanangu. Tunajua mtoto hana mama wa kumtolea vyombo."

Nikamjibu, "Vyombo atatoka navyo, mama. Wala usiwe na wasiwasi."

Kwetu siku ya kupeleka vyombo si siku ya mchezo. Kila kitu kinabebwa mikononi na vichwani, mtaa mzima unaona, kisha wanawake wa upande wa pili wanakipokea na kukigonga kwa ukucha wasikie kama kinaitika. Nami nilijiapiza kwamba vya Zuwena vitaitika mpaka Bi Salma azibe masikio. Nilitaka yale masinia na mabakuli ya bati zito la Kichina, meupe, yenye maua mekundu makubwa, na chupa zake za chai za maua hayo hayo, kama yale waliyokuwa nayo watu wenye nyumba zao zamani. Nikayatafuta katika masoko yote ya jumla ninayoyajua. Plastiki. Kila mahali plastiki. Kila laoban (ndivyo tunavyowaita mabosi wa maduka) ananipungia mkono, "Meyo, meyo," yaani hakuna, na mmoja alinicheka waziwazi, akaniambia vitu hivyo anavyo bibi yake.

Mwisho laoban wa kandambili akanielekeza duka kuukuu la serikali, nje kabisa ya mji, mwisho wa basi. Nikaenda. Nikakuta jengo la ghorofa, refu kama mabehewa ya treni, nusu matofali ya zamani na nusu vioo vipya, limevishwa vitambaa vyekundu, mafundi wanapanda na kushuka. Ndani, pembeni, ndani ya kabati la kioo, vimepangwa vyote: masinia, mabakuli, chupa za chai, mpaka beseni la kunawia. Maua mekundu.

Akaja bwana mmoja mwembamba ndani ya suti iliyomzidi, ndiye meneja, Bwana Liang. Nikamwonyesha kabati. Akapunga mkono: meyo, haviuzwi. Sasa hapa ndipo nilipofanya lile jambo dogo, na kabla hamjanihukumu mjue kwamba kila mfanyabiashara wetu hulifanya. Ukiingia duka usilolijua unatangaza kwamba wewe ni "lao pengyou", rafiki wa zamani. Mwenye duka anajua unadanganya, wewe unajua kwamba anajua, naye anakutajia bei ya rafiki ambayo nayo ni uongo, mnacheka, biashara inaanza. Ni kama salamu. Kwa hiyo nikajipiga kifua, "Lao pengyou!" Bwana Liang akanitazama tu. Nikaona haijakolea, nikaongeza, "Baba! Baba yangu lao pengyou! Alinunua hapa!" huku nikionyesha sakafu (Kichina baba ni baba vile vile, sikuhitaji mkalimani, laiti ningemhitaji).

Kumbe mtu wa duka la serikali, ambako bei imebandikwa na hakuna anayepatana, salamu ile haijui. Yeye alisikia habari ya kweli. Macho yakamtoka. Akanishika mkono, akanipeleka nje, akanionyesha mwaka uliochongwa juu ya mlango wa zamani, mwaka duka lilipofunguliwa, akauliza, "Baba?" Nikaitikia kwa kichwa. Ningeitikia mwaka wowote, mimi nilikuwa nasubiri bei. Akaita watu. Akaja binti wa ofisini mwenye Kiingereza cha kuokoteza, na mimi nina changu cha kuokoteza, tukaunganisha: Jumamosi ni sherehe, duka linageuzwa jengo la maduka ya kisasa, wanatafuta wateja wa zamani waje kusimulia historia, na mgeni kutoka Afrika ambaye baba yake alinunua hapa tangu mwanzo, huyo hawakuthubutu hata kumwota. Nije niseme maneno mawili. Na zawadi? Binti akanyoosha kidole kwenye kabati la kioo.

Mngekuwa ninyi mngekataa? Semeni kweli.

Kama ningenyamaza hapo, labda ingepita. Lakini nilirudi kwenye hoteli tuliyokuwa tukifikia Watanzania na kifua mbele, nikatangaza kwamba Jumamosi naheshimiwa na Wachina, kuna chai na keki, waje wote. Sikusema naheshimiwa kwa sababu gani. Shomari, mtu wa kwetu Tanga anayechukua vipuri vya pikipiki, akaguna: "Wewe Mwantumu wamekuona nini?" Nikamwambia njoo utaona. Ndiyo, nilimwalika kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kisha nikamtafuta Edga wa kunitafsiria. Edga alikuwa kijana wa Iringa, mwanafunzi wa udhamini, anasomea uhandisi, mlokole safi, Kichina kinamtoka kama maji. Nilipomweleza akaweka kikombe chini.

"Dada Mwantumu, mzee wako kweli alifika huku?"

"Edga, wewe tafsiri tu."

"Sawa, dada. Lakini mimi linalosemwa ndilo nitakalosema. Siongezi, sipunguzi."

"Hicho ndicho ninachotaka," nikamwambia, nikaona nimepata mkalimani bora.

Jumamosi ikafika. Jukwaa lilikuwa ghorofa ya kwanza, mbele ya ngazi za umeme, zile zinazokubeba zenyewe, mpya, zinang'aa, hata maplastiki hayajatolewa kwenye sehemu za kushikilia. Watu wamejaa hadi kwenye kingo. Nimevaa gauni langu la Idi na mtandio, nimebandikwa kifuani ua jekundu la kitambaa kubwa kama kabichi, na meza iliyo pembeni imepangwa vyombo vyangu (nilishaviita vyangu) vimefungwa utepe. Watu wa hoteli yetu wamejipanga nyuma kwenye keki, na Shomari katikati yao ana kipande mkononi.

Bwana Liang akahutubia, Edga ananinong'oneza. Akasema zamani pale palikuwa mashamba ya mboga, mji unaishia mbali, kikajengwa kiwanda cha nguo na nyumba za wafanyakazi, na mfanyakazi akitaka sabuni alikuwa anaendesha baiskeli nusu siku. Ndipo likajengwa duka hili, kila kitu chini ya paa moja, kuanzia sindano hadi redio, na watu walipanga foleni na vikaratasi vyao vya mgawo wa kitambaa, na siku za mapumziko familia zilikuja kutazama saa za ukutani tu, wakarudi nyumbani hawajanunua kitu na wamefurahi. Baadaye mji ukakua, ukalifikia duka, ukalipita, wateja wakakimbilia masoko mapya, likabaki na wazee wake na vumbi. Wallahi nilisahau kuogopa. Niliyakumbuka maduka yetu ya kaya, ile foleni ya sukari, mama kanituma na mfuko, na nikawa naitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwapo.

Akapandishwa mama mzee mfupi, Bibi Chen, akatambulishwa kuwa muuzaji wa kwanza wa kaunta ya vyombo. Akanitazama, akatabasamu pengo, akasema kitu, ukumbi mzima ukapiga makofi.

"Anasema anamkumbuka mzee wako," Edga akaninong'oneza, na mwenyewe kakunja uso.

"Anamkumbuka nani?"

"Mzee wako, dada. Anasema alikuwa mrefu, mchangamfu, na alipokuwa akichagua masinia alikuwa anaimba."

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mfupi kunipita mimi. Lakini ningefanyaje? Nikapewa kipaza sauti. Nikasema baba alikuwa akitusimulia duka hili kila jioni. Makofi. Nikasema alisifu sana sabuni zake. Makofi. Makofi ni kitu kibaya, jamani, yanalevya. Nikasema alitaka kunipa mimi jina la duka ila mama akakataa. Edga anatafsiri, sauti inazidi kuwa nyembamba. Na Bibi Chen akaniegemea, akaniomba, mbele ya wote, niwaimbie ule wimbo wa baba.

Wimbo gani? Kichwa kikawa cheupe. Nyimbo zote ninazozijua duniani zilinikimbia, za shule, za harusi, zote, na kilichobaki kichwani ni kile nilichopigia kelele miaka yote juu ya lundo la mitumba. Nikafumba macho, nikapiga makofi, nikaanza:

"Chagua, chagua! Chagua mama, chagua! Kipya kipya, cha leo leo! Shika mwenyewe, jaribu mwenyewe! Chagua, chagua!"

Ikawaingia. Wasichana wa duka wakaanza kupiga makofi, Bwana Liang akafuata, Bibi Chen akatikisa mabega, na ukumbi mzima wa Wachina ukaanza kuitikia, "Chakua, chakua!" Nami kwa ujinga wangu nikaongeza sauti na kupeperusha mtandio kama ninavyopeperusha gauni la mtumba. Huko nyuma kwenye keki Watanzania walikuwa wameshikana wasianguke. Na hapo Shomari, ambaye hajawahi kuzuia neno lililofika mdomoni, akapaza sauti juu ya vichwa vya watu:

"We Mwantumu! Baba yako yupi huyo aliyekuja huku? Mzee Bakari fundi baiskeli wa Ngamiani? Si hata Pangani alikuwa anabembelezwa kwenda!"

Wachina wakanyamaza, wakitabasamu, wakidhani ni ubeti mwingine wa wimbo. Bwana Liang akamgeukia Edga: mgeni wetu anasemaje? Nikamtazama Edga. Nilimtazama kwa macho yote niliyo nayo. Nilimwomba bila sauti, mdogo wangu, kaka yangu, baba yangu, leo punguza. Na Edga wa Iringa, mtoto aliyelelewa vizuri, mwenye kipaza sauti mkononi, akatafsiri. Yote. Hata Pangani, alisimama kueleza kwamba ni mji mdogo, si mbali na Tanga, mtu anaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo.

Nilisikia ngazi za umeme zikinguruma peke yake. Kisha mtu mmoja akacheka, akafuata wa pili, kisha jengo zima.

Nikaamua kuondoka kwa heshima. Niliona ngazi mbele yangu, nikakanyaga, nikaanza kushuka. Kumbe zile ni za kupanda. Mimi nashuka, zinanipandisha. Nikaongeza mwendo, nikabaki pale pale. Nikaongeza tena, nikabaki pale pale, ua la kabichi linapiga kidevu, mtandio umeniingia mdomoni. Mtu mwingine angeacha, lakini mimi tangu utotoni sijui kuacha jambo katikati, basi nikaendelea kutembea mbele ya kadamnasi, uso umetazama mlango, na mlango hausogei. Wengine walisema baadaye walidhani ni sehemu ya onyesho. Shomari anapiga kelele, "Za upande wa pili, Mwantumu! Upande wa pili!" Mwisho zikanirudisha jukwaani taratibu, kama mzigo uliokataliwa bandarini.

Pale juu nikamkuta Bibi Chen amechukua kipaza sauti, anafuta machozi ya kicheko. Edga akatafsiri, maana alikuwa ameshaanza na hazuiliki. Bibi alikuwa anasema kwamba na yeye hajawahi kuuza kwenye kaunta yoyote. Alikuwa muuza mboga nje ya geti. Wauzaji wa kwanza wengine wamekufa, wengine wamehamia kwa watoto wao, naye aliombwa ashike nafasi. Mgeni pekee aliyewahi kumwona hapo zamani alikuwa Mrusi, mnene, na alinunua ndoo. "Lakini huyu binti alikuwa na furaha sana," akasema, "nikaona vibaya kumwambia simjui baba yake."

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Bwana Liang peke yake hakucheka. Uso umeiva, ameshika karatasi ya hotuba kama anataka kuitafuna. Akafungua utepe kwenye vyombo, akavibeba mwenyewe, sinia kwa sinia, akavirudisha kwenye kabati, akafunga kwa ufunguo. Hapo ndipo kicheko cha watu kilipoacha kuniuma na kitu kingine kikaanza. Nilimwona Zuwena anakwenda kwa watu mikono mitupu, na Bi Salma anasema, si niliwaambia.

Kesho yake nikarudi. Sikumchukua Shomari, nilimchukua Edga. Tukakaa mlangoni kwa Bwana Liang tangu walipofungua. Akapita, hakutuona. Akapita tena, hakutuona kwa nguvu zaidi. Edga akasema, "Dada, twende." Nikamwambia, "Nenda ukasome, mimi niko hapa." Hakwenda. Wafagiaji wakafagia kutuzunguka. Wasichana wa duka wakawa wanapita na kuninong'onezea "chakua, chakua" na kukimbia. Nikakaa tu. Jioni, wakianza kushusha mageti, Bwana Liang akasimama mbele yangu, akauliza, na Edga akatafsiri:

"Anauliza, vyombo hivi unavitakia nini? Anasema safari hii useme ukweli, amechoka."

Nikamwambia. Kwamba nina mdogo wangu wa kike nimemlea mwenyewe, kwamba anaolewa, kwamba hana mama wala baba, ana mimi, na kwamba baba yangu alikuwa fundi baiskeli mfupi ambaye kwa kweli Pangani alikuwa hapendi. Nikaona mdomo wa Bwana Liang unacheza. Akatoa funguo. Alivifunga mwenyewe kwa magazeti, kimoja kimoja, kisha akaandika bei, bei kamili, nene, akanisogezea. Nikafungua mdomo. Akainua kidole.

"Anasema rafiki wa zamani angepewa bure," Edga akatafsiri. "Wewe ni rafiki mpya. Rafiki mpya analipa."

Nikalipa. Mara ya kwanza maishani mwangu nimelipa bila kupatana, na Edga alisema hakuwahi kuniona nimenyamaza hivyo.

Vyombo vikafika salama. Siku ya kuvipeleka vikapita mtaani vinang'aa, wanawake wakavigonga kwa kucha, vikaitika mpaka nyumba ya tatu. Bi Salma akachukua bakuli moja, akaligeuza, akalipima uzito, na nikaona amelainika kabisa. Akaniambia kwa upole, safari hii upole wa kweli:

"Hivi ni vya zamani, mwanangu. Ni vya marehemu mama yenu, eeh? Alimwekea mtoto."

Zuwena akanitazama. Chumba kizima kikanitazama. Lilikuwa jambo dogo sana, neno moja tu, na lingempa mama yangu heshima na mimi usingizi, na lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikamwona kwenye mawazo Edga wa Iringa kashika kipaza sauti.

"Hapana, mama," nikasema. "Mama yetu hakuacha hata kijiko. Hivi ni vya dada yake. Nimeviimbia."

Tangu siku hiyo nikiingia duka nisilolijua nasema shikamoo kwa Kichina, nauliza bei, basi. Wenzangu wananiambia napata hasara. Labda. Lakini baba yangu amepumzika Tanga, mahali alipopapenda, na mimi simsafirishi tena.